Mawimbi ya ubongo wa mama yamepungua kasi: nimemponya au nimemharibu?

Shikamoo Daktari,

Nakuandikia kutoka Leicester, Uingereza, nikiwa nimekaa kwenye korido ya hospitali. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nina miaka 38. Mamangu ana miaka 67, na anaishi nami tangu babangu afariki.

Mwaka jana mama alianza kunyamaza. Kwanza aliacha kuwapigia simu dada zake siku ya Ijumaa, jambo ambalo sijapata kumwona akiliacha. Kisha akaacha kupika, akaacha kupaka nywele mafuta, akawa anaamka saa tisa usiku na kukaa ukingoni mwa kitanda, amejifunika leso, mpaka alfajiri. Tukaambiwa ni sonona. Akaanzishiwa sertraline, ikashindwa, akabadilishiwa mirtazapine, nayo ikaongezewa dawa ya tatu. Hazikufua dafu. Kufikia mwezi wa tatu mwaka huu alikuwa amepungua kilo 11, akawa anasema matumbo yake yameziba, chakula hakipiti, tusiharibu riziki bure. Akakataa kula. Mwishowe akakataa hata maji.

Akalazwa, na hapo ndipo walipotueleza kuhusu ECT, tiba ya kupitisha umeme kichwani. Kwa kuwa mama hakuweza kufuata alichokuwa akielezwa, aliletwa daktari mwingine kutoka nje ya hospitali, akampima na kuidhinisha. Mimi nilikubaliana nao. Kakangu mkubwa aliyeko Mombasa hajanisamehe hadi leo. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp aliandika kwamba nimemtoa mama apigwe shoti, na kwamba hili ni la kusomewa, si la kutiwa umeme. Binamu yetu aliye Muscat naye katuma sauti za kusikiliza kwa hedifoni, eti zinarudisha mawimbi ya alfa ya ubongo bila dawa.

Mpaka sasa amefanyiwa mara tano, mara mbili kwa wiki. Ningekuwa na amani lau si mambo mawili. Baada ya mara ya tatu muuguzi alinionyesha karatasi iliyotoka kwenye mashine. Mistari ilianza kutetema, ikawa milima mirefu yenye ncha, kisha ghafla ikanyooka. Ikanyooka kabisa, Daktari, kama ile ya kwenye filamu mtu anapokata roho. Muuguzi akatabasamu, akasema hiyo ni nzuri sana. Jana daktari wake naye kanieleza kwamba mawimbi ya ubongo wa mama sasa ni ya polepole kuliko alipoingia, na kwamba hilo walilitarajia. Nikabaki najiuliza. Mama tulimleta kwa sababu kila kitu chake kilikuwa polepole: mwendo, maneno, hata kutafuna. Sasa na ubongo umepunguzwa kasi, na hiyo ndiyo tiba?

La pili ni kumbukumbu. Hakumbuki kwamba dada yake alikuja kutoka London akakaa naye siku tatu. Hakumbuki harusi ya mjukuu wake ya mwezi wa pili.

Na pamoja na hayo yote, Jumapili iliyopita, baada ya mara ya nne, nilimpelekea chai kwenye thamosi. Akanywa fundo moja, akanitazama, akasema: "Hii chai mbona haina iliki?" Nilitoka nje nikalia.

Zimebaki kama mara tatu, pengine zaidi. Kakangu ataka tusimamishe. Nasikia pia kuna tiba ya sumaku isiyohitaji dawa ya usingizi. Mbona hawakuanza na hiyo? Nisaidie, nimemponya mama au nimemharibu?

Binti wa Mombasa, Leicester

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa miezi uliyopitia, na pole kwa maneno ya kikundi, maana najua yanavyochoma yakitoka kwa ndugu.

Nianze na ile karatasi, kwa sababu naona ndiyo inayokukosesha usingizi. Mstari unaonyooka kwenye filamu ni wa moyo. Uliouona wewe ni wa ubongo. Moyo wa mama ulikuwa na mstari wake kwenye skrini nyingine, na ulikuwa ukidunda wakati wote, tena kwa kasi kidogo kuliko kawaida.

Sasa tuisome karatasi yenyewe tangu mwanzo. Mama alipewa dawa ya usingizi kwenye mshipa, kisha ya kulegeza misuli, akapewa oksijeni, akawekewa kizibo laini mdomoni asiume ulimi. Mara nyingi, kabla ya dawa ya misuli, mguu mmoja hufungwa kifundoni kwa ule mkanda wa kupimia presha ili dawa isifike kwenye unyayo. Mwili wote unabaki umetulia, ila vidole vya mguu ule vinacheza. Nimesimama pale miguuni mara nyingi nikihesabu sekunde kwa vidole vya mgonjwa. Umeme wenyewe hupita kwa sekunde chache tu, na si umeme unaotibu. Kazi yake ni kuwasha kifafa kifupi, kwa kawaida cha chini ya dakika moja au kuzidi kidogo. Ile mitetemo ya mwanzo na milima yenye ncha ndicho kifafa hicho. Angalia tena ukipata nafasi, utaona milima inazidi kuachana kadiri karatasi inavyokwenda, mpaka inafika kama mitatu kwa sekunde. Halafu kimya.

Jiulize: ni nani aliyekizima? Umeme wa mashine ulikuwa umekwisha zamani, na hakuna aliyebonyeza swichi. Ubongo wa mama wenyewe ndio uliokanyaga breki. Huo mstari ulionyooka ni breki. Ndiyo maana muuguzi alitabasamu, kwa sababu kifafa kinachokatika ghafla na kufuatiwa na utulivu wa namna hiyo mara nyingi hupatana na tiba iliyoshika. Baada ya muda mistari huanza kucheza tena, mgonjwa anaamka, na kabla ya saa sita mchana yuko kitandani anaulizwa kama anataka chai.

Breki hizo haziishii pale kwenye chumba cha tiba. Muulize daktari wake kama imembidi aongeze kipimo cha umeme tangu mara ya kwanza. Kwa wagonjwa wengi hulazimika kuongeza, kwa sababu kila mara ubongo unakuwa mgumu zaidi kuingia kwenye kifafa. Tiba inayowasha kifafa inaufundisha ubongo kukizuia. Tena tafiti kadhaa zimekuta kwamba baada ya ECT huongezeka GABA, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kutulizana.

Hapo sasa tumefika kwenye mawimbi ya polepole. Seli za ubongo huongea kwa umeme, na umeme huo ukifika juu ya ngozi ya kichwa umebaki kidogo mno, wa kupimwa kwa sehemu za milioni za volti moja. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa mji wa Jena huko Ujerumani, aliunasa kwa mara ya kwanza kwa binadamu mwaka 1924, akauchapisha mwaka 1929. Aliona mtu akifumba macho na kutulia, mistari inapanda na kushuka kama mara 10 kwa sekunde, na akifumbua macho mdundo huo unafifia. Akauita alfa. Ndiyo hiyo alfa binamu yako wa Muscat anayokutumia kwenye simu. Baadaye kila kasi ilipata jina lake. Delta ni ya polepole kabisa, chini ya mara 4 kwa sekunde, inayotawala katika usingizi mzito. Theta inafuata, kisha alfa, beta, na gama iliyo ya kasi kuliko zote.

Hofu yako ilikuwa na msingi, nakiri. Mtu mzima aliye macho asiyefanyiwa ECT akikutwa na delta nyingi, sisi madaktari hushtuka na kutafuta kilichoharibika. Lakini kwa ECT mawimbi ya polepole yamejulikana tangu miaka ya 1940. Mwaka 1957 Max Fink na Robert Kahn wa New York waliandika kwamba waliopata mawimbi hayo mapema na kwa wingi ndio waliopata nafuu zaidi. Waliokuja baada yao hawakuukuta uhusiano huo kila mara, ila mawimbi yenyewe wote waliyaona. Na yana mwisho: mfululizo wa tiba ukimalizika hufifia, kwa wengi katika wiki chache, kwa baadhi miezi michache.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliyatazama upya, na walichokuta nakipenda kwa sababu kinajibu swali lako. Wewe umekulia Mombasa, hebu jiweke barabarani nje ya ukumbi wa harusi usiku. Maneno huyasikii. Unasikia dumbaki, na chini ya dumbaki unasikia uvumi wa watu, usio na mdundo wowote, uliochanganyika na vigelegele. Kipimo cha EEG, yaani cha kunasa mawimbi ya ubongo juu ya ngozi ya kichwa, ni hivyo hivyo, ni kusikiliza harusi ukiwa barabarani. Kwa miaka mingi tulidhani baada ya ECT dumbaki zito ndilo lililozidi. Wao wakatenga mdundo na uvumi, wakaona kilichobadilika zaidi ni uvumi: vigelegele, yaani sehemu ya kasi, vimeshuka, na sauti nzito, yaani sehemu ya polepole, imepanda. Tafsiri yao ni kwamba seli zinazotuliza zimepata nguvu mbele ya seli zinazochochea. Kwa hiyo ulichoambiwa kuwa ni kupunguzwa kasi huenda kikawa ni breki zile zile, sasa zikifanya kazi mchana kutwa.

Polepole ya sonona ni kitu kingine kabisa. Huyo mama aliyekuwa akikaa ukingoni mwa kitanda saa tisa usiku, ubongo wake haukuwa umetulia. Wagonjwa wengi wa sonona hupungukiwa na usingizi mzito, ule wenye delta nzuri, na usingizi wa ndoto, ambao kwa mtu mzima huanza kama dakika 90 baada ya kulala, kwao huwahi. Mwili ulikuwa umekwama na kichwa hakipumziki. Hata vidonge hugusa midundo hii. Sertraline aliyoanza nayo ni katika kundi linalochelewesha na kupunguza usingizi wa ndoto. Kwake haikutosha. Kwa wengi sana inatosha, na msomaji mwingine aliye kwenye vidonge asiviache kwa kusoma barua yako.

Kumbukumbu. Hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. ECT inagusa kumbukumbu, na wagonjwa waliolalamika miaka mingi wakapuuzwa walikuwa na haki. Kuchanganyikiwa anapozinduka huisha siku hiyo hiyo. Uwezo wa kushika mambo mapya kwa kawaida hurudi wiki chache baada ya tiba kumalizika. Lakini mambo ya wiki na miezi iliyoizunguka tiba, kama safari ya khaloo yako na harusi ya mjukuu, mengine yatarudi na mengine pengine hayatarudi kamwe. Alikuwa mgonjwa sana mwezi wa pili, na mtu aliyezama hivyo hashiki mambo sawasawa, kwa hiyo sehemu ya pengo ni ya ugonjwa. Si yote.

Mna la kufanya. Waulize vibandiko vya kupitishia umeme wanaviweka wapi. Vikiwekwa upande wa kulia tu, kumbukumbu huathirika kidogo kuliko vikiwekwa pande zote mbili, ingawa kwa mgonjwa aliyekataa maji wakati mwingine madaktari huchagua pande zote ili nafuu iwahi. Akishaanza kula, ni haki yenu kuuliza kama kunaweza kubadilishwa. Waombe wampime kumbukumbu kila baada ya mara chache na waandike. Na mletee picha za ile harusi. Kaa naye, mwambie huyu nani, huyu alivaa nini, wewe ulikaa hapa. Usimfanyie mtihani wa "unakumbuka?" Mpe tu.

Sumaku ni tiba ya kweli. Kifaa cha kwanza cha namna hiyo kilijengwa Sheffield na Anthony Barker mwaka 1985. Koili huwekwa juu ya paji upande wa kushoto, inapiga mapigo, mara nyingi 10 kwa sekunde, mgonjwa yuko macho na anarudi nyumbani kwa miguu yake. Mwaka 2018 utafiti wa Kanada wenye wagonjwa 414 ulionyesha kwamba mapigo yaliyopangwa kwa mdundo wa theta kwa dakika 3 hayakuzidiwa na kikao cha dakika 37 na nusu. Lakini ni kila siku za kazi kwa wiki nne hadi sita, na mtu aliyefunga kinywa hana wiki sita. Tena sonona yenye imani kama ile ya matumbo kuziba, hasa kwa mtu wa umri wa mama, ndiyo inayoitikia ECT vizuri kuliko aina nyingi. Kama angekuwa mamangu ningechagua walichochagua.

Kakako usimchukie. Anachokiogopa kiliwahi kuwepo. Ugo Cerletti na Lucio Bini walipoanza tiba hii Roma mwaka 1938 hapakuwa na nusukaputi wala dawa ya misuli, na kwa miaka mingi baadaye, duniani kote, watu walishikiliwa wakiwa macho, wengine wakavunjika mifupa. Habari hizo zilifika kwetu na zikabaki. Mwambie ya leo: mgonjwa amelala, na katika kila matibabu 100,000 vifo ni takriban 2. Kuhusu kusomewa, mwambie asome. Ampigie mama simu ya video jioni, amsomee Yasin kwa sauti ambayo mama ameizoea tangu ilipokuwa ya mtoto. Hakuna muuguzi atakayemzuia, na mimi nikiwa daktari wake ningeiomba. Zile sauti za Muscat hazina madhara zikisikilizwa kwa kiasi, ila mdundo unaopita masikioni hautibu sonona iliyomfikisha mtu kukataa maji. Na akitokea wa kukuuzia kipimo cha mawimbi ya ubongo kwamba kitaonyesha kama mama ana sonona au amepona, funga pochi. EEG inatusaidia sana kwenye kifafa. Sonona haipimwi nayo. Mwaka huo huo wa 2023 kundi la Helen Mayberg, daktari wa ubongo wa Marekani, lilitangaza kwamba kwa wagonjwa 10 waliopandikizwa nyaya ndani kabisa ya ubongo waliweza kuona alama ya nafuu kwenye mawimbi yenyewe. Inatia moyo, lakini ni nyaya ndani ya ubongo, si mkanda wa kichwani.

Kuna mtu mmoja ambaye hamjamuuliza, wewe na kakako. Mara ya kwanza mama hakuweza kuamua, ndiyo maana sheria ya hapo ilimleta daktari wa nje. Mtu anayeulizia iliki anarudi. Siku akiweza kuelewa tiba ni nini, faida yake na hasara yake, na kukujibu, uamuzi ni wake, na akisema hataki, ni hataki. Mwombe daktari aketi naye wiki hii, nawe uwepo kumfasiria, kisha umrudishie kakako jibu la mama kwa maneno ya mama. Ushauri wangu mkimuuliza ni msiikate katikati. Nafuu inayoanza mara ya nne au ya tano kwa kawaida inahitaji kukamilishwa, na mfululizo wa kawaida ni mara 6 hadi 12.

Na uwaulize mapema sana: baada ya hapa, nini? Hili ndilo ninaloliona likisahaulika. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 uliwafuata kwa miezi sita watu waliopona kwa ECT. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, 84 katika kila 100 walirudiwa na ugonjwa. Waliopewa nortriptyline, dawa ya sonona, pamoja na lithiamu, 39. Asitoke hospitali bila dawa mkononi, tarehe ya kliniki, na namba ya kupiga akianza tena kuamka saa tisa.

Nunua daftari. Ukurasa wa kwanza andika tarehe ya ile Jumapili na alichokisema. Kisha kila siku mistari miwili: amelala saa ngapi mpaka saa ngapi, amekula nini, amemuulizia nani. Siku atakapotaka kumpigia dada yake Ijumaa bila kukumbushwa, iandike, kisha nitumie na mimi barua. Kesho mpelekee chai nyingine, utie iliki.